Kilima Kimoja, Pande Mbili: Dhana ya Vinyume Vinavyokamilishana na Funzo la Nchi ya Chai

Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huulizwa tangu shule ya upili ni lile linalomtaka aeleze mgogoro uliopo kati ya pande mbili: ukale na usasa, mke na mume, tajiri na maskini, mji na shamba. Mwanafunzi huchora mstari katikati ya ukurasa, akawapanga wahusika wa huku na wa kule, kisha akatafuta ni upande upi ulioibuka na ushindi. Zoezi hilo lina manufaa yake, kwani hadithi nyingi zimejengwa juu ya mivutano. Hata hivyo, zoezi lenyewe limesimama juu ya imani moja ambayo ni nadra kuhojiwa, kwamba vitu viwili vilivyo kinyume lazima viwe na uadui, na kwamba mambo hayakamiliki mpaka kimoja kikishinde kingine.

Falsafa ya Kichina ina jibu jingine. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili, wanafikra wa Uchina wameshikilia kwamba vinyume huhitajiana, huzaana na hukamilishana. Makala haya yanakusudia kuifafanua dhana hiyo na kuipima. Mifano mingi imetolewa katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, magharibi mwa Bonde la Ufa nchini Kenya. Uteuzi huo una sababu mbili. Kwanza, mchai wenyewe ni mgeni aliyetoka mashariki; jina lake la kisayansi, Camellia sinensis, linautaja Uchina, na neno chai lilitoka Uchina likapitia Uajemi na Bara Hindi kabla ya kutua katika kinywa cha Mswahili. Pili, maneno yin na yang, ambayo ndiyo mhimili wa dhana hii, yalizaliwa kilimani, na Kericho ni nchi ya vilima.

Hoja kuu ya makala ni kwamba vinyume hukamilishana pale tu ambapo vinapokezana zamu. Pale ambapo upande mmoja umewekwa chini daima, neno kukamilishana linaweza kuwa pazia la kufunikia dhuluma.

Asili ya Yin na Yang

Katika matumizi yake ya kale, neno yin lilimaanisha upande wa kilima ulio kivulini, na yang upande ulio juani. Kwa kuwa Uchina, isipokuwa sehemu yake ndogo ya kusini, iko mbali na Ikweta upande wa kaskazini, jua la adhuhuri huko huelekea kusini mwa anga. Hivyo basi mteremko wa kusini wa mlima huitwa yang, na ule wa kaskazini yin. Kwa mto mambo hugeuka, kwani ukingo wa kaskazini ndio unaotazamana na jua. Ndiyo maana mji wa kale uliojengwa kaskazini mwa Mto Luo uliitwa Luoyang.

Asili hii ina uzito mkubwa kwa anayetaka kuielewa dhana. Yin na yang si vitu viwili, wala si roho mbili zinazopigana, wala si wema na ubaya. Ni pande mbili za kitu kimoja. Haiwezekani kuuondoa upande wa kivuli ukabaki na kilima chenye jua pekee. Kinachoondoka hapo ni kilima chenyewe.

Kutoka kilimani maneno hayo yalipanuka kimaana. Yin ikawa jina la usiku, baridi, unyevu, utulivu, ardhi na uke. Yang ikawa jina la mchana, joto, ukavu, mwendo, mbingu na uume. Kitabu cha kale kiitwacho Yijing, yaani Kitabu cha Mabadiliko, kimejengwa kwa mistari ya aina mbili tu, mstari mzima na mstari uliokatika, ambayo hupangwa sita sita na kutoa maumbo 64. Baadaye mistari hiyo ilifasiriwa kuwa ni ya yang na ya yin. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo (K.K.), Zou Yan aliihusisha dhana hii na mzunguko wa tawala na majira. Katika zama za nasaba ya Song, Zhou Dunyi (1017–1073) alitoa mchoro na maelezo ya namna mwendo unapofikia kilele chake unavyozaa utulivu, na utulivu unapofikia kilele chake unavyozaa mwendo. Mchoro wa duara unaojulikana duniani leo, wenye sehemu nyeusi na nyeupe zinazofuatana kama samaki wawili, ulienea baada yake. Katika kila samaki mna jicho lenye rangi ya mwenzake, ishara kwamba kila upande umebeba mbegu ya kinyume chake.

Mvuto wa dhana hii haukuishia Asia. Mwanafizikia wa Denmark, Niels Bohr, alipotunukiwa nishani ya juu ya nchi yake mwaka 1947, aliuweka mchoro huo katika nembo yake, pamoja na maneno ya Kilatini yenye maana kwamba vinyume hukamilishana. Bohr alikuwa amefikia wazo hilo kupitia utafiti wa chembe ndogo za maada, ambazo katika jaribio moja huonekana kama mawimbi na katika jingine kama chembe.

Neno "Kinyume" katika Kiswahili

Kabla ya kwenda mbele, inafaa kuondoa utata wa istilahi. Katika taaluma ya semantiki, vinyume hugawanywa katika aina kadhaa. Kuna vinyume vya viwango, kama vile moto na baridi, ambapo kuna vuguvugu katikati. Kuna vinyume vya mahusiano, kama vile nunua na uza, ambapo tendo moja huonekana kutoka pande mbili. Kuna pia vinyume ambavyo wanaisimu huviita kamilishani, kama vile hai na mfu, ambapo kukana kimoja ni kuthibitisha kingine na hapana nafasi ya katikati. Msomaji asiyekuwa mwangalifu anaweza kudhani kwamba yin na yang ni vinyume vya aina hii ya tatu, kwa sababu ya jina. Sivyo. Yin na yang hukaribiana zaidi na aina mbili za kwanza: huongezeka na kupungua kama joto na baridi, na hutegemeana kama kununua na kuuza. Hapana anayenunua pasipo anayeuza.

Kiswahili chenyewe kina mfano bora zaidi katika sarufi yake, nao ni kauli ya kutendua. Kitenzi funga huzaa fungua. Ziba huzaa zibua. Fumba huzaa fumbua. Tega huzaa tegua. Hapa lugha haikwenda mbali kutafuta neno la kinyume. Imelitoa katika shina lilelile kwa kuongeza kiambishi kimoja. Aidha, mpangilio wa matendo haya una mantiki yake: hakifunguliwi kisichofungwa, wala hakifumbuliwi kisichofumbwa. Kitendawili ni ushahidi wa jambo hili. Mmoja hutega, mwingine hutegua; na desturi ya michezo hii ya jioni ni kwamba aliyetegua naye hupata nafasi ya kutega. Laiti angekuwapo mtu mmoja wa kutega kila siku na wengine wa kutegua tu, mchezo ungegeuka kuwa mtihani.

Jua la Kericho

Msafiri anayetoka Kericho kwenda Bomet kwa njia ya Litein na Sotik hupita katikati ya vilima vilivyotandazwa kijani kibichi. Kwa mtazamo wa haraka vilima hivyo vinafanana na vile vya Uchina vinavyoonyeshwa katika picha za mashamba ya chai. Lakini kuna tofauti moja kubwa ya kijiografia, na tofauti hiyo inaigusa dhana yenyewe.

Mji wa Kericho uko kusini mwa Ikweta kwa chini ya nusu digrii. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini wa anga. Katika miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Maana yake ni kwamba mteremko unaotazama kaskazini huwa juani mwezi Juni, na mwezi Desemba huelekea kivulini. Mwanafalsafa wa Luoyang angesimama kwenye kilima cha Kericho na kuulizwa upande upi ni yang, ingembidi kwanza aulize huu ni mwezi gani.

Mtu anaweza kuona kwamba jambo hili linaivunja dhana, kwa kuwa mteremko wa Kericho hauna jina la kudumu. Ukweli ni kwamba linaifunua. Uchina, mlima hukaa mahali pamoja na upande wake wa kivuli ukabaki wa kivuli mwaka mzima, hivyo ni rahisi mtu kusahau kwamba yin ni hali na kuidhani kuwa ni asili ya ardhi ile. Katika nchi iliyo kwenye Ikweta kosa hilo haliwezekani. Hapa hapana mteremko unaolimiliki jua. Kila upande hupewa zamu yake ya nuru na zamu yake ya kivuli, na mchai huchipua pande zote mbili.

Mawe, Sakitu na Kisu cha Kupogolea

Kilimo cha chai kilianza kujaribiwa nchini Kenya huko Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yalianzishwa katika miaka ya 1920 na makampuni ya Kiingereza, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wamenyang'anywa na serikali ya kikoloni. Kilichoyavuta makampuni hayo ni udongo, mwinuko na mvua. Kericho hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hukutana na nyanda za juu zilizopashwa joto na jua la asubuhi, ikapanda, ikapoa na kuwa mawingu mazito. Alasiri mvua ikanyesha kwa radi na ngurumo.

Mwendo huohuo wa hewa unaoleta mvua ya kulisha mchai ndio unaoleta mvua ya mawe. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi, na dhoruba ya dakika chache inaweza kupasua machipukizi ya shamba zima. Mkulima hawezi kuomba apewe wingu lenye maji akanyimwa lenye barafu, kwa sababu wingu ni moja. Wahenga wa pwani walilifupisha jambo kama hili katika methali isemayo kwamba hakuna masika yasiyo mbu.

Kiangazi nacho kina fumbo lake. Kati ya Desemba na Februari mawingu hupungua na jua huwaka vizuri mchana. Usiku, anga hilohilo lisilo na wingu huruhusu joto la ardhi kupaa na kupotea, na baridi hutiririka hadi kwenye mabonde. Kukipambazuka, mabondeni huonekana sakitu, yaani umande ulioganda, na majani ya chai huungua na kuwa mekundu kana kwamba yamepitiwa na moto. Baridi imefanya kazi ya moto, nayo imeletwa na anga safi lililotoa jua. Hii ndiyo kanuni ambayo Zhou Dunyi aliieleza, kwamba kilele cha hali moja ndicho chanzo cha nyingine. Kiswahili huisema kwa maneno matatu: mpanda ngazi hushuka.

Mfano wa tatu ni wa mkono wa binadamu. Mchai ukiachwa hukua ukawa mti mrefu wa mita kadhaa. Shambani hupunguzwa ukabaki kimo cha kiuno ili mchumaji aweze kufikia majani mawili na chipukizi. Kila baada ya miaka michache hupogolewa, matawi yakakatwa mpaka shamba likaonekana kama limekufa. Baada ya miezi kadhaa machipukizi mapya hujitokeza, mengi na laini. Mche uliopandwa zamani za ukoloni hutoa jani changa leo kwa sababu ya makato hayo. Uzee na uchanga vimekaa katika shina moja, na kisu ndicho kinachovikutanisha.

Ngurumo Mbili

Wenyeji wa nyanda hizi hawakungoja chai kutoka mashariki ili waanze kutafakari kuhusu vinyume. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichochapishwa mwaka 1909, alieleza imani ya watu hao, ambao ni ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na asili, kuhusu ngurumo mbili. Moja huitwa Ilet ne-mie, ngurumo njema, na nyingine Ilet ne-ya, ngurumo mbaya. Mshindo mkali wa karibu ni wa ile mbaya inayotaka kushuka kuwaua watu. Mvumo wa mbali ni wa ile njema inayowalinda.

Itakuwa kosa kusema kwamba hii ni yin na yang kwa jina la Kikalenjin. Katika imani hii wema na ubaya vimetajwa waziwazi, ilhali yin na yang havina sifa hizo. Hata hivyo kuna jambo moja la kuzingatia. Ngurumo hizi mbili zina jina moja na makao mamoja, nalo sikio huzitofautisha kwa umbali. Dhoruba inayopiga juu ya paa la mtu wa Bomet husikika kwa jirani yake wa mbali kama mvumo wa kubariki mvua. Watu walioishi chini ya mawingu haya hawakuweza kuigawa mbingu sehemu mbili zisizojuana.

Kusi, Kaskazi na Mshororo wa Shairi

Kutoka nyanda za juu, mtafiti wa Kiswahili anaweza kuteremka hadi pwani na kuikuta kanuni ileile katika misingi ya ustaarabu wa Waswahili. Pepo za kaskazi ndizo zilizoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na pepo za kusi ndizo zilizoyarudisha. Meli za Kichina za karne ya 15 nazo zilitegemea pepo za msimu, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa katika baraza la mfalme wa Uchina. Kama kungekuwa na upepo mmoja tu, mabaharia wangefika wasirudi, au wasingefika kabisa. Na bila kuja na kurudi huko miji ya pwani isingepata utajiri wake. Kusi na kaskazi ni pepo zilizo kinyume kabisa kwa mwelekeo, na bandari huishi kwa zote mbili. Lakini haziishi kwa kuvuma pamoja. Zikivuma pamoja, ni tufani. Kila moja hungoja wakati wake.

Katika ushairi, mshororo wa kawaida wa shairi la mizani 16 hugawanyika katika ukwapi na utao, kila kimoja kikiwa na mizani 8. Ukwapi huanzisha wazo na kulisimamisha kwenye kina cha kati. Utao hulipokea na kulishusha kwenye kina cha mwisho. Sikio la mghani huipata raha ya shairi katika makabidhiano hayo. Malumbano ya washairi pia yana tabia hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikumbukwa kwa mashairi ya kujibizana na washairi wa upande mwingine. Uhasama ulikuwa wa kweli, lakini bila wa kujibu, shairi la kuchokoza lingebaki nusu.

Riwaya nayo haikosi mfano. Shaaban Robert, katika Kufikirika, alimpa mwalimu jina la Utubusara Ujingahasara. Wasomaji wengi huliona jina hilo kama fumbo la kimaadili linalosifu busara na kuutahadharisha ujinga, na ndivyo lilivyo. Lakini linaweza kusomwa pia kwa jicho la makala haya, kwamba mtu mmoja amebeba majina yote mawili, na mwalimu ndiye anayestahili zaidi kuyabeba. Asiyeujua ujinga kwa karibu hawezi kumtoa mwenzake humo.

Hatari ya Dhana

Kufikia hapa dhana imeonekana tamu. Inapasa sasa kuonyesha uchungu wake, kwani historia ya Uchina yenyewe inatoa onyo. Katika karne ya 2 K.K., chini ya nasaba ya Han, mwanachuoni Dong Zhongshu aliifungamanisha yin na yang na utaratibu wa jamii. Alifundisha kwamba yang ina hadhi ya juu na yin ya chini. Kwamba mtawala, baba na mume ni yang, na mtawaliwa, mwana na mke ni yin. Pande hizo bado zilisemekana kukamilishana. Kilichoondolewa ni zamu. Mke hakuwa yin leo na yang kesho; alifungwa katika kivuli maisha yake yote, kama mteremko wa kaskazini wa mlima wa Uchina. Wafuasi wa Laozi walikuwa na mwelekeo tofauti, kwani katika mafundisho yao sifa ya juu hupewa maji, bonde na ulaini, mambo ya upande wa yin. Lakini ni tafsiri ya Dong iliyokaribishwa ikulu.

Kiswahili hakina usafi wa kujivunia mbele ya Wachina katika jambo hili. Mkono wa kulia huitwa pia mkono wa kuume, na wa kushoto mkono wa kike. Kwa kuwa mkono wa kulia ndio wa kulia chakula na kupeana salamu, na wa kushoto ndio wa kazi zisizotajwa mezani, lugha imekwisha kupanga nani ni wa juu kabla ya mtoto kujifunza kufikiri. Mikono miwili hukamilishana, naam, lakini kuna mmoja ambao haukaribishwi karamuni.

Nchi ya chai ina mizani yake ya kupimia jambo hili. Ni rahisi kusema kwamba shamba na mfanyakazi hukamilishana: mmoja ana ardhi na kiwanda, mwingine ana mikono. Kauli hiyo ni ya kweli kwa kiasi fulani, kwa sababu jani halijichumi. Lakini Februari 2023 uchunguzi wa shirika la utangazaji la BBC ulitoa habari za wanawake zaidi ya 70 waliodhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba ya chai nchini Kenya. Mwezi Mei mwaka huohuo, ghadhabu dhidi ya mashine za kuchumia chai ililipuka katika Kaunti ya Kericho na mashine kadhaa zikachomwa moto. Mikono iliyoambiwa kwamba ni nusu ya lazima ya kazi ile ilikuwa imegundua kwamba nusu nyingine inaweza kuiacha. Matukio haya mawili yanaonyesha kwamba kuhitajiana peke yake hakutoshi. Mwenye nguvu anaweza kumhitaji mnyonge na bado akamdhulumu. Na siku haja hiyo inapokwisha, anaweza kumwacha.

Hapa ndipo kigezo cha zamu kinapohitajika. Yin na yang, kwa maana yake ya kilimani, ina sharti ambalo Dong Zhongshu alilipuuza na ambalo kilima cha Kericho hakiruhusu lisahaulike, kwamba jua huhama. Uhusiano wowote unaodai kuwa wa kukamilishana unafaa kuulizwa: je, aliye kivulini atapata jua, na lini? Mchumaji ana nafasi ya kusema na msimamizi akasikiliza? Anashiriki faida ya mashine kama anavyoshiriki hasara yake? Jibu likiwa hapana, uhusiano huo hauna haki ya kujiita wa kukamilishana, hata ukipambwa kwa duara la samaki wawili.

Nafasi ya Dhana katika Uhakiki

Je, mwanafunzi wa fasihi afanye nini na haya yote? Kwanza, asiitupe dhana ya mgogoro. Wako wahusika ambao ni maadui kweli, na iko migogoro isiyo na upatanisho. Falsafa ya Hegel, na ile ya Marx iliyomfuata, imewafundisha wahakiki kutazama namna mkinzano unavyozaa hatua mpya ya historia, na mafunzo hayo yana thamani. Tofauti ni kwamba udialektiki huo huelekea mbele hadi kwenye usanisi, ilhali yin na yang huzunguka bila kufika mwisho. Kazi nyingine za fasihi zina umbo la kwanza, nyingine zina umbo la pili, na mhakiki asizilazimishe zote kuvaa vazi moja.

Pili, anapokutana na jozi ya vinyume, aangalie kama pande hizo zinabadilishana nafasi katika mwendo wa hadithi. Mara nyingi mhusika anayeitwa wa kisasa hukumbatia desturi anapofikwa na msiba, na mzee anayeitwa wa kale huwa wa kwanza kuvunja mwiko mjukuu wake anapougua. Anayechora mstari katikati ya ukurasa hawezi kuwaona watu hawa wakiuvuka.

Tatu, atofautishe kukamilishana na kunyamazishwa. Hadithi inapomalizika kwa amani ya nyumba au ya kijiji, aulize amani hiyo imelipiwa na nani. Kama ni mmoja tu aliyelipa, na ni yuleyule aliyelipa tangu ukurasa wa kwanza, basi ajue kwamba anasoma ushindi wa upande mmoja uliopewa jina la upatanisho.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba dhana ya yin na yang ilianzia katika pande mbili za kilima, kwamba inasisitiza kuzaana na kutegemeana kwa vinyume, na kwamba mifano yake hupatikana katika hali ya hewa ya Kericho na Bomet, katika imani za wenyeji, katika pepo za pwani na katika sarufi na ushairi wa Kiswahili. Imeonyeshwa pia kwamba dhana hii ilipoondolewa zamu ilitumiwa kuhalalisha utii wa daima. Kericho imetoa sahihisho dogo lakini la maana. Mteremko unaotazama kaskazini utakuwa juani Juni na kivulini Desemba, na mchai uliopandwa hapo hautachagua mwezi wa kuchipua. Wahakiki wa Kiswahili wanaoandika kuhusu vinyume wana wajibu wa kuuliza swali ambalo kilima hicho huulizwa kila mwaka: sasa ni zamu ya nani?